Somo la Presha

Usiku ule Mbithe aliilaza simu juu ya mto, upande aliokuwa akilalia marehemu mumewe, akaigeuza kioo juu ili isije ikawaka bila yeye kuona. Taa ya sola ilikuwa imeanza kufifia, akaizima, akabaki amelikodolea giza macho. Kila alipodhani ameona mwanga aliinyakua simu, akabonyeza jina la Wavinya, akamsikiliza yule mwanamke wa mitamboni akimwambia kwa sauti tamu isiyo na haraka kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

"Nimekusikia," Mbithe alimjibu mwishowe. "Na wewe hulali?"

Wavinya alikuwa mwanawe wa pekee. Aliishi Kabati, upande wa Kitui, na alikuwa na mimba kubwa. Jioni hiyo mama na binti walikuwa wamegombana kwenye simu kwa sababu ya neno moja tu, na baada ya hapo simu ya Wavinya ikazimwa. Mbithe alijua jambo ambalo binti yake hakulijua. Alikuwa amefundishwa mchana uleule, na kama hangemfikishia mwanawe upesi, huenda asingepata tena mtu wa kumfikishia. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mbithe ni mwanamke wa Matiliku, mfupi, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia. Ukinywa naye chai ataona nzi kabla hajatua, ataona mtoto anayesogelea jiko, ataona kifungo cha shati lako kinachotaka kukatika. Macho hayo ndiyo yaliyompa kazi. Kwa miaka mingi amekuwa mchambuaji katika ghala la ndengu, pale wakulima wanapoleta magunia baada ya mavuno. Wanawake huketi pande mbili za meza ndefu ya mabati, ndengu zikamwagwa mbele yao, na vidole vikaanza kukimbia: jiwe huku, kikonyo huku, iliyotobolewa na fukusi huku. Jioni vidole hubaki na vumbi la kijani lisilotoka hata kwa sabuni ya kipande.

Shuleni aliishia darasa la sita. Mwaka huo mvua ilikataa kabisa, maji yakawa mbali, na mikono ya kuyabeba nyumbani ikawa michache. Alikuwa ameipenda shule kupita kiasi. Hata baada ya kuwa mama wa mtu, akipita karibu na shule na kuwasikia watoto wakijibu kwa sauti moja, hatua zake zilipungua zenyewe, kama punda anayepita karibu na kisima.

Ndiyo maana mradi wa akina mama ulipokuja ghalani, yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Mnunuzi mkubwa wa ndengu alikuwa amekubaliana na shirika moja la Kitui kwamba kila Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, kazi isimame, na wanawake waende ukumbi wa kanisa kufundishwa bila kukatwa mshahara. Masomo yalikuwa matatu, yakipokezana: kazi, mwili na mfuko. Wanaume wa sokoni waliliita darasa hilo "shule ya nyanya". Wanawake walipopita, wakaulizwa kama leo watafundishwa kutembea.

"Kutembea tumeshajua," alijibu mmoja wao. "Leo ni kukimbia, mkituona hamtatupata."

Mwalimu wao alikuwa Nasima, muuguzi kutoka Kitui mjini, mama wa Kiislamu mwenye hijabu nyeusi na kicheko kikubwa. Babu zake walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilinyooka mno hata wachambuaji wakamtania kwamba anaongea kama redio.

"Mwalimu, punguza hiyo taarifa ya habari," walimwambia. "Sisi ni Wakamba, tuletee polepole."

"Nami nimezaliwa Kitui, nimekunywa maji yenu ya chumvi tangu utotoni," aliwajibu. "Kwa hivyo chumvi yangu mtaivumilia."

Siku ya mfuko aliwaambia kila mwanamke awe na namba ya siri ya simu isiyojulikana na mtu mwingine yeyote.

"Hata mzee wa nyumba?"

"Hata mzee."

"Na pasta?"

"Pasta ataka sadaka, hataki namba."

Siku ya kazi aliwafundisha kusimama na kujieleza, kwa kuwa ghala lilikuwa limetangaza kwamba msimamizi mpya wa meza atatoka miongoni mwa wachambuaji wenyewe, si mtu wa kuletwa kutoka nje. Mbithe alipoitwa, alisimama. "Mimi naitwa Mbithe," alisema, "na ninataka..." Akameza mate, akamalizia, "...maji ya kunywa." Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa leso. Naye alicheka nao. Lakini nyumbani, akiosha sufuria peke yake, alilisema jambo lenyewe kwa sauti, na halikumchoma ulimi. Alitaka kuwa msimamizi. Alikitamani kile kiti cha msimamizi, mwisho wa meza, kama mtoto anavyotamani kiatu cha Krismasi, akikipitia mbali asionekane anakitazama. Usaili ulipangwa kuwa Ijumaa.

Alhamisi ya kuamkia Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya mwili. Nasima alileta mashine ya kupimia presha, akawafunga mkono mmoja mmoja, kisha akasema ana neno juu ya presha ya wajawazito.

"Hii haibishi hodi," alisema. "Mwanamke aweza kuishi miaka yote bila presha, ikamjia mimba ikishakuwa kubwa. Uso unavimba, mikono inavimba. Kichwa kinauma, na ukimeza dawa hakisikii. Macho yanaona vimulimuli mchana. Anasikia maumivu hapa juu, chini ya mbavu. Ukimwona hivyo usimpe tangawizi, usimwambie alale kidogo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hata akisema yu mzima."

Mbithe alihisi ukumbi ukienda mbali naye. Dada yake mkubwa, Ndinda, alikufa hivyo hivyo.

Wakati huo Mbithe alikuwa msichana mdogo. Ndinda alikuwa ameingia kwa mwanamume wa Kikima, kule Mbooni, kabla mbuzi wa ntheo hawajaletwa. Kwa Wakamba mbuzi hao ndio ndoa yenyewe. Wakifika kwa wazazi wa msichana, yeye ni mke. Wasipofika, yeye ni mtoto wa kwao anayelala kwa watu, na mama yake haingii katika nyumba hiyo, haketi humo, hatii kitu chao kinywani. Mama yao alikwenda Kikima kumwona Ndinda, Mbithe akimbebea kikapu. Wakasimama njiani, chini ya boma. Ndinda aliwateremkia, uso umemvimba, akacheka akasema ni raha ya kuolewa inayomnenepesha. Mama akamkabidhi kikapu palepale njiani, akamwambia ajitunze, wakarudi. Haukupita muda Ndinda akaletwa Matiliku ndani ya sanduku, akazikwa kwao, maana hakuwa mke wa mtu. Wako waliosema amerogwa. Wako waliosema ni mbuzi wanamlilia. Mbithe alikua akiamini mara hili, mara lile. Sasa mwanamke wa Kitui, ambaye hakumjua Ndinda, alikuwa amesimama mbele yake akiutaja uso ule na kichwa kile kama aliyekuwepo njiani siku hiyo.

"Mama Wavinya, u mzima?" Nasima alimuuliza.

"Mimi mzima, mwalimu. Ni hili vumbi la ndengu."

Vumbi halikuwapo. Kilichokuwapo ni Wavinya. Naye alikuwa ameingia kwa mtu bila ntheo. Mwanamume mwenyewe aliitwa Mwau, fundi wa mawe, na Mbithe hakuwa amewahi kumwona hata kwa picha. Alikuwa amekataa hata namba yake ya simu. Angemwita nani, na kwa jina gani, mtu ambaye bado hakuwa mkwe? Kila alipozungumza na binti yake, mazungumzo yalianza na mvua na kuishia kwa mbuzi. Wenzake mezani walimtania: "Mama Wavinya, binti yako bado amefungiwa kabatini?" Naye aliwajibu kwamba kabati hilo lina ufunguo, na ufunguo una miguu minne na unakula majani.

Watu walidhani Mbithe anataka mbuzi. Mbithe alitaka chai. Alitaka kuamka siku moja, avae rinda lake la kanisani, aende Kabati, aketi kwenye kiti cha mwanawe na kuletewa kikombe na mwanawe, aulizwe kama sukari imetosha. Alitaka kujua dirisha linatazama wapi na sufuria zinaning'inizwa wapi. Wavinya alipomwambia kwenye simu, "Ngoja, nafunga mlango," Mbithe alikuwa akijaribu kuuona mlango huo akilini, wa mbao au wa bati, asiuone.

Jioni, alipotoka darasani, alimpigia kabla hata ya kuvua leso kichwani.

"Mwaitu," Wavinya aliitika, kama wanavyowaita mama zao watoto wa Ukambani. Sauti ilikuwa nzito.

"Umelala jua likiwa bado juu?"

"Ni kichwa tu. Kitaisha."

"Kimeanza lini?"

"Tangu wiki ianze, sijui. Nimemeza dawa za dukani, wapi! Hata leo nimekosea kusoma jina la mtu kwa simu. Naona kama vimulimuli, sijui ni kioo, sijui ni macho."

Mbithe aliketi chini palepale, mlangoni pa jiko.

"Wavinya. Hiyo ni presha."

Binti alivuta pumzi kwa nguvu.

"Presha ni wewe unanipea, mwaitu."

"Hapana, sikiza—"

"Kila siku presha! Mbuzi, mbuzi, mbuzi. Mwau atatoa mbuzi wapi na watu hawajengi? Ama nimzalie mbuzi? Hata nikiwa mgonjwa unanipigia unipee presha?"

"Si hiyo presha, mwanangu, ni ile ingine, ile ya—"

"Ni ile ya mbuzi ama ni ya kondoo? Aki nimechoka. Wacha nilale."

Simu ikakatika. Mbithe alipiga tena, ikaita, ikakatwa. Alipiga tena, ikawa imezimwa. Alibaki na neno lile mkononi kama mtu aliyemnyooshea mwenzake dawa, mwenzake akadhani ni fimbo. Na hakuweza kumlaumu. Mwenyewe alikuwa amelitumia vibaya tendo zima la mama kumpigia mwana simu, hata likabaki na maana moja tu, mbuzi.

Basi usiku ukaenda hivyo. Palipokuwa karibu kupambazuka akakumbuka kwamba Nasima huamka alfajiri kuswali. Akangoja mpaka jogoo wakaanza kujibizana, akampigia.

"Mwalimu, unisamehe, bado ni giza."

"Sema, mama."

Akamweleza kichwa, akamweleza vimulimuli. Nasima hakuuliza maswali mengi.

"Na uso?"

"Uso sijauona. Simu yangu ni hii ndogo ya vitufe, haionyeshi."

"Nenda. Usipoteze chaji kumpigia, nenda mwenyewe. Apimwe leo."

"Mwalimu..." Mbithe aliteremsha sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. "Kwake mimi siingii. Hawajaleta ntheo."

Nasima alikuwa mtu wa Kitui, hakuhitaji kuelezwa. "Hilo sikufundishi," alisema kwa upole. "Hilo ni lenu. Mimi najua presha tu."

Kulipokucha Mbithe alipitia ghalani, si kwa usaili, bali kuomba ruhusa. Kimeu, meneja wa ghala, alikuwa akifungua lango, shati limepigwa pasi.

"Ah, Mama Wavinya! Wa kwanza kama kawaida. Leo ni siku yenu. Kaa hapo, uwapumzishe hao wengine roho."

"Sijaja kukaa. Binti yangu ni mgonjwa Kabati. Nimekuja kukuambia naenda."

Kimeu alimtazama, akatazama kiti kilichoonekana kupitia mlangoni, mwisho wa meza.

"Mama, na ninajua unaitaka hii kazi. Watu wa ofisi wanakuja leo tu. Nafasi haingoji."

"Na mimba inangoja?"

Kimeu alikuna shingo. "Nenda," alisema. "Nitawaambia. Lakini sikuahidi kitu."

"Sikukuuliza ahadi," Mbithe alisema, ingawa ndani yake alikuwa ameiuliza. Akageuka upesi ili asikione tena kile kiti. Nyuma yake alisikia wenzake waliofika wakimwaga ndengu za kwanza mezani, sauti kama ya mvua juu ya bati, na ikamfuata mpaka barabarani.

Alipanda gari la Wote, la Machakos, la Kabati, na njia nzima hakuona kitu. Mtu aliyeketi naye alimwuliza kama anaenda matanga, maana midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Alikuwa akijifundisha namna ya kusema. Si presha ya mbuzi. Presha ya damu. Presha ya damu. Aliogopa asije akafika na ulimi ukamteleza tena.

Kabati alikuta soko limechangamka. Hakuijua nyumba, lakini alijua Wavinya ameajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi la mtu aitwaye Hamisi, akaliulizia mpaka akafika. Hamisi, mzee mwenye kofia ya kiua na kalamu sikioni, alikuwa akimpimia mteja waya. Alipoinua macho hakungoja kuambiwa.

"Wewe ni mama yake. Hiyo sura haihitaji kitambulisho. Karibu, bibi. Lakini mwanao hayupo, ametuma watu kwamba kichwa kinamsumbua. Juzi nilimwona amevua viatu, anatembea na kandambili za wenyewe. Nikamwambia, Wavinya, miguu imekuwa mikate ya mofa! Akanicheka."

Mbithe alishika meza ya duka. "Nyumba ni wapi?"

Hamisi aliacha kucheka. Akamwonyesha: nyuma ya soko, ploti yenye tangi jeusi, mlango wa buluu. "Nikufungie duka nije na gari? Lile pikapu langu ni bovu kwa sura tu, Kitui litafika."

"Ukiweza, baba."

"Tangulia. Na Mwau asipofungua uniambie, nyundo ninazo humu za kila ukubwa."

Mlango ulikuwa wa bati, si wa mbao. Mbithe alisimama mbele yake akiutazama kwanza. Rangi ya buluu ilikuwa mpya, imepakwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka, na chini kulikuwa na doa ambapo ndoo huwekwa kila siku. Kwenye kamba ya nguo alilitambua rinda la Wavinya, limetanuliwa kiunoni kwa kipande cha kitambaa cha rangi nyingine. Alitaka kuligusa. Badala yake akabisha.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamume.

Mbithe alijisogeza pembeni upesi, hata bila kufikiri, asije akaonekana. Mkwe na mama mkwe hawakutani ana kwa ana hivihivi. Ndiyo heshima, ndiyo nthoni waliyolelewa nayo. Sembuse huyu ambaye hata ukwe hakuwa ameuanza.

"Ni mama yake Wavinya."

Ndani kitu kilianguka, kikabingirika, kikanyamaza.

"Mwaitu?" Sauti ilikuwa imerudi nyuma, upande wa pili wa chumba. "Wewe... uko hapo nje?"

"Niko hapa. Wavinya yuko?"

"Yuko. Amelala. Mwaitu, kama ni mambo ya mbuzi, wawili ninao kwa mjomba wangu, nilikuwa nangoja—"

"Sijauliza mbuzi."

"Umekuja kumchukua?"

Mbithe alikuwa hajawahi kufikiri kwamba mtu huyu naye hulala akiogopa. Alikuwa amemwazia kama mtu mkubwa, mkaidi, anayekula mwanawe bure na kufuta mdomo. Sauti iliyokuwa nyuma ya bati ilikuwa ya kijana tu, na ilikuwa ikitetemeka.

"Mwau," alimwita, na jina hilo lilikuwa geni kinywani mwake. "Uso wake umevimba?"

"Umevimba. Anasema ni usingizi mwingi."

"Na mikono?"

"Mikono pia. Pete imekataa kutoka, tumejaribu na sabuni. Usiku alitapika, akasema ni chakula."

"Anashika wapi akilalamika?"

"Hapa... hapa juu ya tumbo. Chini ya mbavu." Sauti ilisogea karibu na mlango bila mwenyewe kujua. "Mwaitu, ni nini?"

"Ni presha. Ya damu. Ile inayokamata mwanamke mwenye mimba. Tumefundishwa. Si ya kulala, ni ya hospitali, tena ni sasa. Gari linakuja. Nifungulie."

Komeo halikusogea.

"Mimi sina uso wa kukufungulia," Mwau alisema. "Hakuna kitu nimefanya kwenu. Utaingia aje? Wakisikia huko nyumbani kwamba umeingia hapa bila ntheo, watasema nini? Watanisema mimi, na wewe watakusema zaidi. Wacha nimtoe nje. Nitambeba nikuletee hapo."

Lilikuwa wazo la adabu. Mbithe aliona hivyo, na kwa kitambo kidogo alitaka kulikubali. Angesimama hapo nje, apewe mwanawe mlangoni, heshima ya kila mtu ibaki mahali pake. Majirani wawili walikuwa wameacha kufua, wakimtazama. Mmoja alikuwa Mkamba kama yeye, mama mzima, na macho yake yalikuwa yameshaelewa kila kitu.

Ndani Wavinya alilia, si kwa nguvu. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayeitafuta simu asiione.

"Mwau? Nani huyo?"

"Ni mwaitu."

"Ameleta presha yake?"

"Sikuileta, mwanangu," Mbithe alisema, mdomo karibu na bati. "Nimekuja kuichukua." Kisha akaisogelea sauti ya kijana. "Mwau, nisikilize. Wakiniuliza nitawaambia niliingia. Sitasema ulinivuta, sitasema nilipotea njia. Mbuzi wako walale walipo, utawaleta ukiwa na amani. Lakini mtoto wangu hatolewi nje kama mzigo kwa sababu mimi naogopa kizingiti. Watakaomwinua ni mimi na wewe. Fungua."

Komeo lilisukumwa, likakwama, likasukumwa tena. Mlango ulifunguka kwa mlio, ukamwagia mwanga sakafu ya saruji iliyofagiwa. Mwau alikuwa amejigeuza ukutani, kijana mrefu mwenye vumbi la mawe kwenye nywele, kiganja kimefunika macho kwa heshima. Nyuma yake, kitandani, Wavinya alikuwa ameinua uso uliovimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Aliugeuzia mlango, akakunja macho, akaupapasa mwanga.

"Mwaitu, sikuoni vizuri. Uko wapi?"

Nje, honi ya pikapu ililia mlangoni pa ploti. Mbithe aliinama kuvua viatu kama anavyofanya mgeni, akaona hakuna wakati, akavuka kizingiti navyo.